Glasgow: Utamaduni ni mali ya nani?

Msafiri aliyewahi kuvuka Ziwa Victoria kwa meli, kutoka Mwanza kwenda Bukoba, yawezekana kabisa amelala usiku kucha ndani ya kazi ya mikono ya mafundi wa Glasgow bila yeye kujua. Meli ya Victoria iliundwa katika karakana ya Yarrow, mtaa wa Scotstoun, kando ya mto Clyde. Ikasafirishwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaunganishwa upya, na mwaka 1961 ikaanza kazi. Mafundi waliokata na kuunga mabamba yake hatuwajui kwa majina, wala wao hawakutujua. Lakini hao ndio wenye haki ya kwanza katika habari ninayotaka kuizungumza leo, yaani utamaduni wa jiji lao, na swali la nani hasa mwenye mali hiyo.

Yafaa ndugu zetu walimu na watumishi wa serikali walifikirie swali hili. Wao ndio wanaoandika makisio ya fedha za utamaduni, wao ndio wanaopanga siku ya maonyesho ya shule, na mara nyingi wao ndio wanaotakiwa kumweleza mkubwa fulani mwenye haraka kwamba utamaduni una faida gani. Jiji la Glasgow limeulizwa swali hilo kwa zaidi ya miaka 40 sasa, na majibu yake hayakuwa ya aina moja.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, karibu moja ya tano ya meli zilizoundwa duniani, kwa kupima tani, zilitoka katika mto Clyde. Enzi hiyo ilipita. Mwaka 1971, serikali ya chama cha Wahafidhina iliponyima fedha kampuni ya Upper Clyde Shipbuilders, wafanyakazi wakiongozwa na akina Jimmy Reid hawakugoma. Walizishika karakana wenyewe na kuendelea kufanya kazi, ili dunia ione kwamba kilichokosekana si kazi wala ujuzi. Waliungwa mkono kila upande, na sehemu kubwa ya karakana hizo ikaokolewa kwa muda. Hata hivyo wimbi halikuzuilika. Leo ndani ya jiji zimebaki karakana mbili kubwa, Govan na Scotstoun, nazo zinaunda manowari. Pale ilipozaliwa meli yetu ya abiria, sasa panazaliwa meli za vita.

Jiji lililopoteza viwanda vyake lilitafuta kazi nyingine, na kazi iliyopatikana ikaitwa utamaduni. Mwaka 1983 lilifunguliwa jumba la Burrell, lenye maelfu ya vitu vya sanaa ambavyo tajiri wa meli, William Burrell, aliliachia jiji. Mwaka 1986 Glasgow ikachaguliwa kuwa Jiji la Utamaduni la Ulaya kwa mwaka 1990. Waliotangulia kupata cheo hicho walikuwa Athens, Florence, Amsterdam, Berlin na Paris, na wapo waliocheka kusikia jina la Glasgow likitajwa katika orodha hiyo.

Mwaka 1990 ulipofika, waliocheka walinyamaza. Ukumbi mpya mkubwa wa muziki ulifunguliwa. Pavarotti aliimba, Sinatra aliimba. Karakana kuukuu ya tramu, iliyokwisha kugeuzwa ukumbi miaka miwili kabla ili Peter Brook aonyeshe humo Mahabharata yake, iliendelea kupokea michezo kutoka nchi nyingi. Katika banda la zamani la mitambo ya meli, mtaa wa Govan, Bill Bryden alionyesha mchezo uitwao The Ship. Mchezo huo ulihusu kuundwa kwa meli, ukachezwa ndani ya banda lililokwisha kukosa meli za kuunda. Sina neno juu ya ustadi wake. Lakini mtu mwenye kufikiri hana budi kuuliza fundi aliyeachishwa kazi Govan alijisikiaje alipoona kazi yake imekuwa mchezo wa kuigiza, naye akiingia humo kama mtazamaji.

Swali hilo liliulizwa palepale Glasgow, tena kwa ukali. Kikundi cha waandishi na wanaharakati waliojiita Workers City, akiwamo James Kelman, ambaye baadaye, mwaka 1994, alishinda tuzo ya Booker, kilisema kwamba sherehe zile zilikuwa rangi ya kupaka juu ya umaskini, na kwamba jiji la wafanyakazi lilikuwa linauzwa kwa watalii na wenye mitaji huku historia ya wafanyakazi hao ikifichwa chini ya zulia. Viongozi wa jiji, ambao nao walikuwa watu wa chama cha Leba, waliudhika sana. Walijibu kwamba wageni huleta fedha, na fedha huleta ajira. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, nami sitaki kulidharau, kwa maana anayefagia hoteli naye hula kwa mshahara. Ila halikujibu walichoulizwa.

Ubishi wenyewe ulidhihirika katika jumba moja, nami naomba nikae hapo kidogo. Katika uwanja wa Glasgow Green, upande wa mashariki ambako maskini wa jiji walikaa, lilifunguliwa mwaka 1898 jumba liitwalo People's Palace, yaani Kasri la Watu. Jina hilo halikuwa la mzaha. Lilikusudiwa liwe mahali pa watu wa mitaa ile iliyosongamana pa kuona picha, kusikia muziki na kukaa katika bustani ya vioo wakati wa baridi. Tangu mwaka 1974 mhifadhi wake alikuwa Elspeth King. Mama huyu hakungoja vitu viletwe na matajiri. Alikusanya bendera za vyama vya wafanyakazi, vifaa vya majumbani, na kumbukumbu za wanawake waliodai haki ya kupiga kura, vitu ambavyo wahifadhi wengi wa siku zile wangeviona takataka. Mwaka 1987, zilipotimia karne mbili tangu askari walipowafyatulia risasi na kuwaua wafumaji wa Calton waliogomea kupunguzwa ujira, aliagiza kwa mchoraji Ken Currie michoro minane ya historia ya wafanyakazi. Michoro hiyo iliwekwa juu, chini ya kuba ya jumba, hata mtazamaji sharti ainue kichwa ili kuwaona wafumaji na mafundi wa meli.

Ungetazamia kwamba katika mwaka wa utamaduni mtu kama huyo angewekwa mbele. Sivyo ilivyokuwa. Fedha nyingi zilielekezwa katika maonyesho mapya ya historia ya jiji yaliyowekwa chini ya matao ya stesheni kuu ya reli. Kiingilio kilitozwa, ilhali People's Palace ilikuwa bure. Watu hawakuja kwa wingi uliotazamiwa, na maonyesho yakaisha na hasara ya mamilioni ya pauni. Mwaka huohuo ikaundwa nafasi mpya ya msimamizi wa historia ya jamii katika makumbusho yote ya jiji. Nafasi hiyo hakupewa Elspeth King. Magazeti ya huko yakajaa barua za wananchi wenye hasira, naye hatimaye akaondoka kwenda kufanya kazi mahali pengine. Kila ofisi ina sababu zake za kuchagua huyu na kumwacha yule, na aliyechaguliwa huenda alikuwa na sifa zake. Lakini hesabu ya mwaka ule inasomeka hata na mtu asiye mhasibu. Palikuwa na fedha za kuwaeleza wageni habari za wafanyakazi, na hapakuwa na nafasi kwa aliyezikusanya habari hizo kwa miaka 16.

Asije mtu akadhani ninasema kwamba mfanyakazi aonyeshwe nyundo na bendera peke yake. Mfano mwingine wa jiji hilohilo wanikataza. Ng'ambo ya mto, katika mtaa wa Gorbals, uliosifika kwa dhiki, upo ukumbi wa Citizens Theatre. Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1943 na kuhamia hapo mwaka 1945. Katika miaka ya 1970, chini ya Giles Havergal, viti vyote viliuzwa kwa bei moja, peni 50, awe hakimu au mchukuzi wa mizigo. Kilichoonyeshwa hakikuwa michezo mepesi ya kuwachekesha wanaodhaniwa hawana elimu. Walionyeshwa Shakespeare, Brecht na Goldoni, tena kwa mavazi na mapambo ya kifahari. Wapo Waskochi waliolalamika kwamba waandishi wao wenyewe walisahauliwa, na lalamiko hilo ni la haki, hasa ukikumbuka kwamba katika miaka ya 1940 kikundi cha Glasgow Unity kilikuwa tayari kimeonyesha jinsi maisha ya nyumba za kupanga yanavyoweza kuwa tamthilia kubwa. Hata hivyo bei ile ya peni 50 ilisema neno ambalo hotuba nyingi za utamaduni hazilisemi. Ukumbi huo ulifungwa kwa ukarabati mwaka 2018 na kufunguliwa tena mwaka 2025. Naandika haya bila kujua kama bei zake zitakumbuka zilikotoka.

Kuna deni jingine ambalo jiji hili lilichelewa kulisoma. Jumba la sanaa za kisasa, lililofunguliwa mwaka 1996 katikati ya jiji, ni nyumba iliyojengwa na William Cunninghame, mfanyabiashara wa tumbaku, mwaka 1778. Tumbaku hiyo ililimwa na watumwa wa Kiafrika huko Virginia. Mitaa inayolizunguka ina majina ya wafanyabiashara wenzake, na upo mtaa wa Jamaica, na upo mtaa wa Virginia. Mwaka 2022 Halmashauri ya Jiji iliomba radhi rasmi kwa sehemu yake katika utumwa. Mwaka huohuo ilikubali kuvirejesha Nigeria vitu vya shaba vya Benin, na vingine saba India. Si jambo geni kwao: mwaka 1999 walikwisha kuwarudishia Walakota wa Marekani shati takatifu lililokuwa katika makumbusho yao. Wapo watakaosema kuomba radhi ni maneno matupu. Mimi nasema arudishaye mali amepita hatua ya maneno, na wenzao wengi wa London bado hawajafika hapo.

Tena haki itendeke, jiji hili lina historia ya kusimama upande wa wanyonge. Mwaka 1981, Nelson Mandela akiwa kifungoni, Glasgow ilimpa heshima ya uraia huru wa jiji. Mwaka 1986 ikabadili jina la mahali ulipokuwa ubalozi mdogo wa Makaburu, pakaitwa Nelson Mandela Place, ili kila barua iendayo kwa maofisa wale ilazimike kubeba jina la mfungwa wao. Sijui kama kuna kazi ya sanaa iliyofanya mengi zaidi kwa gharama ndogo kuliko kibao kile cha barabarani. Mandela mwenyewe alifika mwaka 1993 na kucheza mbele ya umati katika uwanja wa George Square.

Sasa nije kwenye jambo la karibuni, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwa miaka mingi wanawake walioajiriwa na Halmashauri ya Glasgow, watunzaji wa wagonjwa na wazee majumbani, wapishi wa shule, wafagiaji, walilipwa chini ya wanaume wenye kazi za uzito uleule. Mwezi Oktoba 1918 au 1919 ungeweza kudhani, lakini la, ilikuwa Oktoba 2018, wanawake zaidi ya 8,000 waligoma kwa siku mbili, na wazoa taka wanaume wakakataa kuvuka mistari yao. Mwaka 2019 Halmashauri ilikubali kulipa malimbikizo yapatayo pauni milioni 500, na baadaye mengine zaidi. Fedha hizo zilitoka wapi? Jiji liliyauza majengo yake makubwa kwa chombo kilicho chini yake lenyewe, ili zikopwe fedha juu yake, kisha likawa mpangaji wa majengo hayo. Miongoni mwake yamo makumbusho.

Wapo waliolia kwamba urithi wa jiji umewekwa rehani. Kilio hicho nakielewa, kwa maana kodi ya pango italipwa kwa miaka mingi, na fedha zikipungua, mhifadhi na mwalimu wa sanaa ndio hupunguzwa kwanza. Lakini tuseme wazi. Majumba yale yalifagiliwa, yalipashwa moto na kuwekwa wazi bure kwa miaka yote hiyo na jiji lililokuwa likimlipa mfagiaji mwanamke chini ya haki yake. Deni lilikuwamo ndani ya kuta zake kabla mkopo haujaandikwa. Aliyesema makumbusho ni mali ya umma, siku hiyo alitakiwa athibitishe kwamba mama yule naye ni umma.

Mwaka 2024 People's Palace ilifungwa kwa ukarabati mkubwa, na bustani yake ya vioo ilikuwa imefungwa miaka kadhaa kabla. Jumba litakapofunguliwa, kitu cha kwanza nitakachotaka kujua ni kama mabango ya wanawake wa 2018 yamepewa chumba humo, chini ya wafumaji wa 1787.