Jamaa Safarini: Kutoka Maskati Hadi Pwani ya Mughsail



Wanachuoni wa lugha husema kuwa neno safari asili yake katika Kiarabu lina maana ya kufunua, kwa sababu safari hufunua tabia za watu. Nyumbani mtu aweza kuishi na nduguye miaka mingi asijue subira yake ni kiasi gani. Lakini watieni watu sita katika gari moja muda wa siku mbili, joto liwe kali na maji yawe ya kupimwa, na hapo kila mmoja ataonekana alivyo. Basi mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya safari ya jamaa, na mfano wetu ni ile inayofanywa kila mwaka na watu wengi wa Oman, wakiwamo ndugu zetu wasemao Kiswahili waliohamia huko, khasa baada ya mwaka 1970: safari ya kutoka Maskati kwenda Salalah wakati wa kharifu.

Umbali wake ni yapata kilomita 1,000. Njia ya bara hupita Nizwa, Adam, Haima na Thumrait, na sehemu yake kubwa ni jangwa tupu. Wako wanaokodi nyumba huko waendako, na wako wanaovuta karavani au kwenda na gari la nyumba, lenye vitanda, jiko na tangi la maji ndani yake. Wakimbialo ni joto. Mnamo Juni na Julai joto la Maskati mara nyingi hupita digrii 40, na Salalah huwa kama digrii 26 tu, milima ikiwa kijani na manyunyu yakianguka. Sababu yake ni upepo wa kusi, kusi ule ule tuujuao sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki, uliokuwa ukiyarudisha majahazi Arabuni. Ufikapo Dhofar hugonga milima, ukungu ukatanda. Kandokando ya barabara za Salalah huuzwa madafu, ndizi na mapapai, hata mtu wa Unguja aweza kudhani yuko kwao.

Sasa tutazame yawapasayo wasafiri hawa.

Kwanza ni uamiri. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa watu watatu wakisafiri, wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Wengi hudhani mafunzo haya yalikuwa ya misafara ya ngamia tu. La! Katika gari pia lazima awepo mmoja wa kukata shauri: wapi tutapumzika, nani atashika usukani, na lini tutasimama hata kama hatujafika. Wala amiri si mwenye kupiga kelele kuliko wote. Yeye ndiye wa mwisho kulala na wa kwanza kuulizwa. Akihisi usingizi humpa mwingine usukani au husimama, wala haoni haya. Na ateremkapo kutoka Thumrait kuingia katika ukungu hupunguza mwendo, kwani huko ngamia huvuka barabara bila ya kumngoja mtu.

Pili ni gari lenyewe. Mizigo mizito katika karavani iwekwe chini, karibu na magurudumu, isije ikayumba kwa upepo wa jangwani. Asikae mtu ndani ya karavani inapovutwa, na watoto wafungwe mikanda katika gari la mbele. Tena lipo jambo moja ambalo wengi hawalidhanii. Makaa yawakayo ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Basi jiko la mkaa lisiingizwe ndani kwa ajili ya baridi ya usiku, wala chetezo cha udi kisiachwe kikiwaka madirisha yamefungwa.

Tatu ni mama wa nyumba. Mara nyingi twasema jamaa wamekwenda kupumzika, na ukitazama sana utaona aliyepumzika ni baba na watoto. Mama amehamisha jiko lake tu, kutoka jiko kubwa hadi dogo, na maji ya bomba yamekuwa maji ya tangi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwasaidia ahli zake kazi za nyumbani, basi ni nani kati yetu aliye mkubwa kuliko yeye? Vijana wa kiume na waoshe vyombo, wasichana wapate nao nafasi ya kutazama milima, na baba apike japo siku moja. Chakula kikiungua kidogo hakitaharibu safari, ila manung'uniko yataiharibu.

Nne ni Sala. Msafiri ameruhusiwa kupunguza Sala za rakaa nne, yaani Adhuhuri, Alasiri na Isha, kuwa rakaa mbili mbili, na hukumu za kukusanya Sala na za siku za kukaa mahali kila mtu atazifuata kwa madhehebu yake. Watoto wafundishwe hayo njiani. Tena waonyeshwe kuwa mtu wa Maskati huelekea karibu magharibi kabisa akisali, lakini afikapo Salalah hupinda kiasi upande wa kaskazini. Kwa jambo hili dogo mtoto atajifunza Kibla na jiografia kwa pamoja.

Tano, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni bahari. Kiasi cha kilomita 40 magharibi ya Salalah iko pwani ya Mughsail, yenye mchanga mweupe na matundu ya mwamba ambamo maji ya bahari huruka juu kama moshi. Jamaa wengi husimama hapo. Lakini kusi ile iliyoleta kijani ndiyo iliyoighadhibisha bahari. Manahodha wa zamani walijua hayo, na kusi ilipoiva waliweka vyombo vyao bandarini wiki nyingi, hawakuthubutu kutoka. Ikiwa manahodha waliiogopa bahari hiyo, je, mtoto wa miaka minane ataiweza?

Mnamo tarehe 10 Julai 2022, siku moja baada ya Idi ya Kuchinja, watu wanane wa jamaa moja walivuka uzio wa usalama hapo Mughsail, wimbi likawatwaa. Watatu waliokolewa, na watano walichukuliwa na bahari, watoto wakiwa miongoni mwao. Uzio ulikuwapo. Kilichohitajika ni mtu wa kusema, "Hapa basi."

Hapa ndipo uamiri unapopimwa. Kumkataza mtoto jambo alilolitamani njia nzima ni zito, na wengine watamwita baba mwoga. Na aitwe hivyo, arudi nao wote. Watoto waokote kombe mbali na maji, na watazame mawimbi nyuma ya uzio. Atakaye kuogelea aje miezi ya kaskazi, bahari inapotulia. Hata wakati huo ajue kuwa akivutwa na mkondo asishindane nao kwa kuelekea nchi kavu moja kwa moja, bali aogelee sambamba na ufuo mpaka atoke ndani yake. Na asiyejua kuogelea asijitose kumfuata anayezama. Amtupie kamba au dumu tupu lililozibwa.

Wako watakaosema, "Ajali ni kudra ya Mungu." Naam, lakini tumefunzwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Watoto ni amana, na mwenye kupewa amana ataulizwa.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama wasafiri wote na awarejeshe kwa ahli zao. Amin.