Mkono wa Gia Ufungwe!

Tangu muhula huu uanze kuna ubishi unaoendelea kule nyuma ya maabara kila jioni tukitoka darasani. Jarida letu la Chama cha Kiswahili hutoka mara moja tu kwa mwaka, kwa hivyo naona heri nitoe maoni yangu hapa kabla misumari ya mwisho haijapigwa. Ubishi wenyewe unahusu kibanda cha gemu ya udereva kinachotengenezwa na wenzetu wa Chama cha Sayansi. Kwa wale ambao hamjakiona, ni sanduku la mbao lenye kimo cha mtu. Ndani mna kiti kuukuu cha matatu, kompyuta ya mezani iliyostaafu, usukani uliotolewa kwenye gari bovu, na pedali mbili za kukanyaga. Ukikaa humo unaona barabara mbele yako na unaendesha. Kazi imekwenda vizuri na nawapongeza. Lakini sasa wengi wao wanasema mkono wa gia hauna haja, ati ni gemu tu, gari lijibadilishie gia lenyewe.

Mimi napinga. Mkono wa gia ufungwe, na ufungwe kabla ya rangi.

Hebu nianze na hao wanaosema gemu haihitaji gia. Gemu hizi zilizaliwa na gia! Mwaka wa 1974 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mashine ya kutia sarafu iitwayo Gran Trak 10. Ilikuwa na usukani, pedali mbili na mkono wa gia, ilhali barabara yenyewe ilichorwa kwa vitone vyeupe tu kwenye kioo cheusi. Fikiria hilo, mpenzi msomaji. Hawakuwa na rangi, hawakuwa na miti wala mlima wa kuonyesha, lakini gia waliweka. Sega wa Japani walipotoa Out Run mwaka wa 1986 waliweka gia mbili, ya chini na ya juu. Hard Drivin' ya mwaka wa 1989 ikawapita wote, maana ilikuwa na ufunguo wa kuwashia injini, klachi, na gia nne zenye nyutro katikati. Watu walipanga foleni kulipa pesa zao ili wahangaike na klachi.

Na kwa nini twende hadi Marekani? Nani kati yetu hakutengeneza gari la waya alipokuwa shule ya msingi? Magurudumu ya kandambili kuukuu, usukani mrefu wa kufika kifuani, na safari ya kwenda dukani kununua chumvi ikawa safari ya kwenda Mombasa. Gia tulipiga kwa mdomo. Ngiiiii, kisha kimya kidogo, kisha ngoooo. Ule ukimya mfupi ndio klachi, na hakuna aliyetufundisha. Mtoto wa miaka saba alijua kwamba gari lisilobadilisha gia si gari. Sasa tuko sekondari, tuna kompyuta na tuna solda, halafu tuseme gia ni kazi bure?

Lakini hayo ni ya kuchangamsha baraza. Sababu yangu hasa ni hapa tunapoishi.

Kianjokoma iko kwenye mabega ya Mlima Kenya. Mito inashuka kutoka msituni na kila mto umejichimbia bonde lake, kwa hivyo barabara zetu hazijui tambarare. Unashuka hadi darajani, unapanda, unashuka tena. Lori za majani chai za Mungania zinapita zikiwa zimejaa. Ukienda njia kuu ya kutoka Embu hadi Meru utavuka Thuci, utavuka Nithi, utavuka Mutonga, na kila daraja liko chini shimoni. Gari huku linahitaji kujua kupanda, ni kweli, lakini zaidi ya hapo linahitaji kujua kushuka. Na kushuka ni kazi ya gia.

Wenzangu wa Kidato cha Tatu mnakumbuka mada ya mashine katika fizikia. Gurudumu lenye meno 20 likizungusha lenye meno 60, la kwanza huzunguka mara 3 ili la pili lizunguke mara 1, lakini nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu mara 3. Hiyo ndiyo gia ya kwanza ikipandisha lori. Sasa geuza hesabu. Lori likishuka ndani ya gia ya chini, magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, na yanailazimisha izunguke kwa kasi sana. Injini inakataa. Kule kukataa kwake kunalishika lori, na breki zinapumzika.

Bila injini kusaidia, mzigo wote uko kwa breki. Nilipiga hesabu usiku mmoja badala ya kufanya insha ya Kiingereza. Lori la tani 10 likishuka kimo cha mita 100, nishati inayotakiwa kumezwa ni kilo 10,000 mara 10 mara 100, yaani jouli milioni 10. Kwa hesabu ya kiasi cha joto, hiyo inatosha kuchemsha karibu lita 30 za maji kutoka nyuzi 20 hadi yatokote. Mtungi mmoja na nusu wa maji! Na joto lote hilo linaingia kwenye vyuma vichache vya breki kwa muda wa dakika chache. Breki zikipata moto mno hazishiki tena, hata ukanyage kwa miguu miwili.

Mjomba wangu aliendesha lori la majani chai miaka mingi. Sheria yake ilikuwa moja: gia unayoweza kupandia mlima huo ndiyo gia ya kushukia. Na unaiingiza ukiwa bado juu, si katikati ya mteremko, kwa sababu ukichelewa lori limeshakuwa na mbio na gia haikubali kuingia. Hapo umebaki na nyutro na sala.

Lakini mnajua madereva wengi wanafanya nini? Wanaweka frii. Wakifika juu ya mteremko wanatoa gia, wanaacha gari liteleze lenyewe hadi chini, ati wanaokoa mafuta. Ukikaa mbele kwenye matatu utasikia injini ikinyamaza na upepo ukianza kupiga dirisha. Kichekesho ni kwamba katika gari la kisasa lenye injini ya sindano, hata hayo mafuta hawaokoi. Ukishuka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta ya injini hukata mafuta kabisa. Ukiweka frii, injini inaendelea kunywa kidogo kidogo ili isizime. Kwa hivyo dereva anahatarisha watu 14 na bado anapoteza petroli.

Tarehe 24 Julai mwaka wa 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa liliacha barabara kwenye daraja la Nithi, kati ya Chuka na Chogoria, likaanguka bondeni. Zaidi ya watu 30 walifariki. Ripoti za wakati huo zilitaja breki. Simnyoshei marehemu dereva kidole, Mungu awalaze wote pema. Nasema tu kwamba huo ndio mteremko wetu, na sisi tulio kidato cha tatu leo baada ya miaka miwili mitatu tutakuwa na umri wa kupata leseni. Wengine wetu wataendesha Probox za kubeba muguka kutoka Mbeere, na nyote mnazijua mbio za magari hayo. Wengine watakuwa makanga, wengine abiria tu. Abiria naye akijua sauti ya frii anaweza kupiga kelele mapema.

Sasa tazama kile kibanda bila gia. Kinafundisha nini? Kanyaga mafuta, kata kona, kanyaga tena. Kinafundisha mbio. Ile nusu nyingine ya udereva, ya kulizuia gari, haimo. Mimi naona afadhali tukivunje tutengeneze meza.

Kuna wanaosema magari ya siku hizi ni otomatiki, na mabasi ya umeme yanatembea Nairobi tangu mwaka wa 2022 bila mkono wa gia kama huu wetu. Ni kweli. Lakini hata gari la otomatiki huwa na mahali pa gia ya chini, pameandikwa L au 2, au kwa alama nyingine, pa kutumia kwenye mteremko mkali. Waulize wenye magari hayo wanapatumia lini. Wengi watakuambia hawajawahi kupagusa. Aliyejifunza gia za mkono anajua zile herufi zina kazi gani.

Mwalimu mmoja ninayemheshimu sana alisema kibanda chenye gia kitatutia hamu ya kuiba magari ya wazazi. Kwa heshima zote, Mwalimu, hamu tunayo tayari, na baba zetu wanaficha funguo. Isitoshe, kufundisha udereva kwa kitu cha kuchezea si jambo geni nchini. Kwa miaka mingi wanaotafuta leseni Kenya wametahiniwa kwa ule ubao wa mji wenye vigari vidogo, mtu mzima na tai yake anasukuma kigari kwa kidole kuzunguka kiplefti. Ubao ule unafundisha njia na makutano. Mteremko haumo, wala gia.

Na kwa wapenzi wa mbio, nawakumbusha tu kwamba mwaka wa 1993 Mkenya Patrick Njiru alimaliza Safari Rally katika nafasi ya 12 kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini ya cc 660. Injini ndogo namna hiyo haikufikishi popote kama hujui kucheza na gia.

Basi tubaki na suala la gharama, ambalo ndilo linaloogopesha wenzetu, na naona linatiwa chumvi. Kinachotakiwa ni bamba la chuma lililokatwa mianya kama herufi H, na mwanya mmoja zaidi pembeni wa rivasi. Fimbo ya gia inapita katikati yake, chini imeshikwa na bolti na springi mbili za kuirudisha katikati. Mwisho wa kila mwanya panafungwa swichi ndogo. Fimbo ikifika gia ya pili inabonyeza swichi ya pili, ikitoka inaiachilia. Isipobonyeza yoyote, gari liko frii. Swichi hizo hatununui: kila kipanya kibovu cha kompyuta kina swichi mbili nzuri chini ya vibonye vyake. Tunataka gia nne na rivasi, jumla swichi tano, kwa hivyo vipanya vitatu vinatosha na moja inabaki akiba. Nyaya za swichi zinapigwa solda kwenye bodi iliyotolewa ndani ya kibodi kuukuu, na kompyuta inadhani ni mtu anayebonyeza namba. Fimbo iwe nene, tafadhali. Vijana wa shule hii wakishika gia watavuta kama wanang'oa mhogo.

Upande wa programu kuna gemu iitwayo Speed Dreams ambayo ni ya bure, ina chaguo la gia za mkono, na msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuubadilisha. Kuna kijana wa Kidato cha Nne anayeuweza. Ombi langu kwake ni mambo mawili. Kwanza, aongeze hesabu ya joto la breki, ili mtu akishuka frii breki zife mbele ya macho yake na gari liende mtoni. Liende kabisa, asipewe nafasi ya pili hadi apange foleni upya. Hapo ndipo tutakapojua nani dereva. Pili, maneno yote kwenye kioo yawe ya Kiswahili, na hii ndiyo kazi ambayo chama chetu kinaweza kuifanya. Tumekaa mikutano miwili tukibishana kama gia ina neno lingine la asili. Mimi nasema gia ni gia, neno limeshapata uraia. Rivasi iitwe rivasi. Na swichi zote zikiachiliwa, kioo kiandike FRII kwa herufi nyekundu kubwa, maana hilo ndilo neno ambalo makanga na dereva wanalisema, na kila mtu hapa ataelewa.

Vipanya vibovu viwili vimeshapatikana. Aliye na cha tatu nyumbani akilete maabara kabla hatujafunga shule. Fundi mmoja wa kuchomelea pale sokoni amekubali kulikata bamba bila malipo, mradi tumpelekee mchoro wenye vipimo. Mchoro ninao.