Gitaa Kuukuu Lirekebishwe, Lisifungiwe Kabatini

Muhula huu umezuka ubishi mkali hapa shuleni kuhusu lile gitaa la umeme lililo katika stoo ya muziki. Rangi imebambuka, jina la kiwanda limefutika, na kinasa sauti kimoja kimekufa kabisa. Baadhi ya walimu wanasema litiwe katika kabati la vioo pamoja na vikombe vya michezo, eti fundi akiligusa litapoteza thamani. Mimi, kwa heshima zote, napinga.

Sikatai kwamba hoja yao ina msingi. Huko Marekani na Uingereza, magitaa ya umeme yaliyoundwa na kampuni za Fender na Gibson miaka ya 1950 hutafutwa kama dhahabu. Wakusanyaji huyakagua kwa makini: skrubu ni zile zile? Waya ulichomewa kiwandani au baadaye? Gitaa lililopakwa rangi upya laweza kushuka bei hata kwa nusu, ijapokuwa linalia vile vile. Sasa jamani, watu hawa wananunua muziki au wananunua rangi?

Tena wenyewe hawaifuati kanuni yao. Mwaka wa 1970 Eric Clapton alinunua magitaa kadhaa kuukuu aina ya Stratocaster mjini Nashville. Mengine akawapa marafiki, na matatu akayafungua, akachukua sehemu zilizo bora na kuunda gitaa moja aliloliita Blackie. Yaani mwili wa hili, shingo ya lile. Hilo si gitaa la viraka? Lakini mwaka wa 2004 liliuzwa mnadani New York kwa dola 959,500! Baadaye Fender wakaunda nakala 275, wakaiga mikwaruzo yake yote hadi alama ya kuungua kwa sigara. Halafu mwaka wa 2019 gitaa jeusi la David Gilmour wa Pink Floyd, ambalo alikuwa amelibadilisha shingo na vinasa sauti mara kadhaa, likauzwa dola 3,975,000. Kumbe kiraka kikitiwa na mtu maarufu ni historia, kikitiwa na fundi wa mtaani ni kasoro.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba Leo Fender mwenyewe alikuwa fundi wa redio. Alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka wa 1938, na hata kupiga gitaa hakujua. Alifunga shingo za magitaa yake kwa skrubu badala ya gundi, ili ikiharibika unafungua na kutia nyingine, basi. Hili letu pia lina skrubu nne mgongoni. Aliyeliunda alijua kwamba siku moja litafunguliwa.

Na kinasa sauti si uchawi. Ni sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme kidogo huzaliwa ndani ya waya na kwenda kwenye amplifaya. Waya ukikatika mahali pamoja tu, kinasa kinakuwa bubu. Dawa yake ni kuuzungusha upya, kazi ambayo fundi wa mota anaielewa vizuri.

Ninachokichukia mimi ni udanganyifu. Mtu anayebadilisha sehemu kisha akauza gitaa kana kwamba halijaguswa ni mwizi tu. Kwa hivyo napendekeza kila kitu kitakachotolewa kitiwe kwenye bahasha, kiandikwe tarehe na jina la fundi, na bahasha ikae ndani ya sanduku la gitaa. Wakusanyaji hufanya hivyo, na hapo wako sawa. Rangi nayo isiguswe, kwani haizuii sauti. Ile mikwaruzo ni ya wanafunzi waliotutangulia, na nani ajuaye, huenda wengine wao ni wazazi wetu.

Kabati lenyewe limeshajaa vikombe. Chama cha muziki kina magitaa mawili ya kawaida, moja halina nyuzi mbili, na wale wa kidato cha kwanza walioingia mwaka huu hawajasikia gitaa hili la umeme likilia hata siku moja.