Aliyeunguliwa na Nyumba Mpeni Fedha

Anayempa aliyeunguliwa na nyumba sweta alilolichoka amesafisha kabati lake, na asidai thawabu zaidi ya hapo. Nasema kwa ukali kwa sababu mchezo huu unarudiwa moto baada ya moto, na wanaoumia ni wale wale ambao wameshapoteza kila kitu. Januari 2025, mioto ya Palisades na Eaton ilipoteketeza majengo zaidi ya 16,000 katika eneo la Los Angeles, nguo zilimiminika hadi baadhi ya vituo vya misaada vikawasihi watu wasilete tena. Waliojitolea, ambao wangeweza kumsindikiza mzee kufuata dawa zake au kukaa na mama mmoja wakajaza naye fomu za bima, walishinda wakichambua marundo ya suruali. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa nguo za sadaka zilizokosa mtu huko ughaibuni huishia wapi. Marobota tunayafungua wenyewe, kwenye masoko ya Gikomba na Karume, kila kunapokucha.

Lakini moto ninaotaka kuuzungumzia hasa ni wa Lahaina, mji wa pwani katika kisiwa cha Maui, Hawaii, uliowahi kuwa makao ya wafalme wa visiwa vile. Tarehe 8 Agosti 2023 upepo mkali ulivuma kutoka milimani huku kimbunga Dora kikipita mbali upande wa kusini. Asubuhi waya wa umeme ulianguka ukawasha nyasi. Zimamoto wakapambana na moto huo, wakaamini umekwisha, wakaondoka. Mchana ukafufuka, na ving'ora vya tahadhari havikulia. Nyasi zenyewe zilikuwa kavu kama karatasi. Nyingi ni za asili ya kwetu Afrika, zilizopelekwa huko kwa ajili ya malisho, zikatapakaa kwenye mashamba ya miwa yaliyoachwa tangu kiwanda cha sukari cha Pioneer Mill kilipofungwa mwaka 1999. Watu 102 walikufa. Majengo zaidi ya 2,200 yaliharibiwa au kuteketea kabisa, na watu wapatao 12,000 wakabaki bila makazi.

Ni watu gani hao? Wengi ni wapishi, watandika vitanda na wahudumu wa hoteli za ufukweni, wengi wao wenye asili ya Ufilipino, familia mbili tatu ndani ya nyumba moja kwa sababu kodi ya pango Maui haishikiki. Mtu wa aina hiyo anapopoteza nyumba hupoteza pia gari la kumfikisha kazini, na mara nyingi kazi yenyewe, maana watalii wamekimbia. Wewe unamletea blanketi.

Kuna waliolielewa jambo hili mapema. Agosti hiyo hiyo mtangazaji Oprah Winfrey na mwigizaji Dwayne Johnson walianzisha mfuko wa People's Fund of Maui kwa dola milioni 10 za kwao, na watu wengine wakachangia hadi zikakaribia milioni 60. Kila mtu mzima aliyepoteza makazi yake na akatimiza masharti ya mfuko alilipwa dola 1,200 kwa mwezi, kwa miezi sita. Hakuulizwa atazitumia vipi. Watu wazima wapatao 8,100 walizipokea. Winfrey alitukanwa sana mitandaoni kwa kuomba michango ilhali yeye ni tajiri, na hoja hiyo ina uzito wake, sitaipuuza. Ila ninapopima msaada natazama ulipotua, na ule ulitua mkononi mwa mwenye shida.

Sasa ulinganishe na njia kubwa ya serikali. Waliounguliwa waliwekwa hotelini, maelfu kwa maelfu, na wiki za mwanzo hakuna anayelaumu hilo. Mtu halali barabarani. Lakini miezi sita baadaye watu karibu 5,000 walikuwa bado humo, na kuiweka familia moja chumbani na kuilisha kuligharimu kiasi cha dola 1,000 kwa siku. Kwa siku! Fedha ambazo mtu mzima alipewa na mfuko wa hisani kwa mwezi mzima, hoteli ilizimaliza kwa siku moja na ushei. Na mama aliyewekwa kwenye chumba cha kitalii hakuwa na jiko la kumkaangia mwanawe yai. Alikula alichopangiwa, alihamishwa alipoambiwa hama, na wengine walihamishwa zaidi ya mara moja.

Serikali ilipoamua kuwapangia nyumba, ikalipa wenye nyumba kodi za juu mno. Matokeo yake mtoto wa shule angeweza kuyatabiri: kodi zikapanda kisiwani, na baadhi ya wenye nyumba wakawatoa wapangaji wao wa siku zote ili waingize wale wanaolipiwa na serikali. Watu ambao moto haukuwagusa wakahamishwa na msaada wa moto. Sijui neno la kistaarabu la kuliita hilo, na sitalitafuta.

Kila ninapoitetea hoja ya fedha taslimu najibiwa neno moja: watazila. Watazinywea pombe. Basi twendeni Siaya, Kenya. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walizifuatilia familia za Rarieda zilizotumiwa fedha na shirika la GiveDirectly kwa M-Pesa, bila masharti, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Familia zilinunua mifugo, zikaezeka mabati, zikala vizuri zaidi. Watu wa Rarieda wamekwisha kulijibu swali hili. Kwa nini mpishi wa Lahaina, au bibi wa Altadena kule Los Angeles kulikoungua, aanze kujieleza upya?

Nami nina jibu la nyumbani. Nilikuwa darasa la nne nyumba yetu ya makuti ilipoungua, pamoja na tatu za jirani. Siku ya tatu ilikuja gari ya watu wa hisani, ambao siwataji, ikashusha viroba vya nguo. Walitupanga mstari, wakatupiga picha. Kiroba chetu kilitoa makoti mawili mazito, kwenye joto lile la pwani, na viatu vya kike vya visigino, vyote viwili vya mguu wa kushoto. Mama yangu alikuwa mpika vitumbua. Alikuwa amepoteza kikaango chake, kinu, mchele wa kusaga na akiba aliyoificha kwenye kopo. Nakumbuka alivyokishika kile kiatu akakigeuza juu chini, akakiweka chini taratibu kama mtu anayeogopa kukivunja, kisha akasema asante, maana walikuwa wanamtazama.

Jioni walikuja wanawake wenzake wa upatu. Zamu ya kupokea ilikuwa ya mwingine, bi mmoja aliyekuwa akiozesha binti. Kijumbe akakaa juu ya mkeka, akazihesabu noti kwenye upande wa kanga yake, akampa mama zote. Mwenye zamu ndiye aliyesema, "Chukua, dada, wangu wa kuolewa atasubiri." Hawakumpa mawaidha ya kutumia fedha wala fomu ya kutia saini. Kesho yake mama alikuwa na kikaango, na kabla ya wiki kwisha tulikuwa na chumba cha kupanga. Makoti tuliyatandika tukayalalia.

Kwa hiyo sioni kwamba kumpa mtu fedha ni wazo geni lililotoka kwenye mikutano ya wataalamu. Tunafanya hivyo msibani. Tunafanya hivyo jirani anapolazwa: namba ya simu inazungushwa kwenye kundi, kila mtu anatuma alichonacho, na hakuna anayemdai mfiwa risiti ya sanda.

Kwa wakubwa, fedha ina njia ndefu. Tamasha la muziki la FireAid la tarehe 30 Januari 2025, la kuwachangia waliounguliwa wa Los Angeles, lililofanyika kwenye kumbi mbili za Inglewood, lilikusanya takriban dola milioni 100, nazo zikapelekwa kwa mashirika. Sisemi ziliibwa. Baadhi ya mashirika hayo yaligawa fedha mkononi, mengine yalilisha watu, mengine yalitoa ushauri. Lakini miezi ilipita na waliounguliwa wa Altadena wakawa wanauliza hadharani: mbona sisi hatujaziona? Aliyenunua tiketi usiku ule aliamini anampa mwenye jivu miguuni, na mwenye jivu aliamini hivyo hivyo. Kuwaacha wote wawili na imani hiyo bila kuwaeleza wazi fedha zinapita wapi ni kosa, hata kama kila senti ina hesabu yake.

Hata mfuko wa Maui ninaousifu ulikuwa na mlango mwembamba. Ulipoanza ulitaka kitambulisho na bili ya maji au umeme yenye jina la mwombaji. Katika nyumba ya familia tatu bili huwa na jina la mtu mmoja. Mpangaji wa chumba cha nyuma anayelipa kwa fedha taslimu hana bili, na kama alikuwa na karatasi yoyote imeungua. Mhamiaji asiye na vibali ndiye mnyonge zaidi, kwa sababu fedha za serikali kuu hazipewi mtu wa hali yake, na mfuko wa hisani ndio mlango pekee uliobaki. Barua ya jirani, ya mwajiri au ya padri wa parokia ingetosha. Atapenya tapeli mmoja? Apenye. Afadhali huyo kuliko mama na watoto wanne waliogeuzwa mlangoni kwa kukosa bili ya umeme wa nyumba ambayo haipo tena.

Malipo ya sita ya mfuko ule yalitoka Februari 2024, yakawa ya mwisho. Mwezi huo huo wale karibu 5,000 walikuwa bado hotelini, kila familia kwa dola 1,000 za kila siku. Hesabu ya hoteli iliendelea kulipwa. Waliounguliwa, ulipofika mwezi wa saba tangu malipo ya mfuko yaanze, hawakupokea kitu kutoka humo.