Ati tu-touch base? Base gani?

Wasee, tuambiane ukweli. Kiingereza cha ofisi kimejaa besiboli iliyovaa suti.

Cheki. "Touch base": kwenye besiboli mkimbiaji lazima aguse kituo, la sivyo anaweza kutolewa. Sai bosi anamaanisha tu "tuongee kidogo". "Ballpark" ni uwanja wa besiboli, lakini anayekuuliza "ballpark figure" anataka makadirio. "Curveball" ni mpira unaopinda kabla umfikie mpigaji. Sai ni swali la kukushtukiza. Mchezo ni wa Marekani, na wengi wetu hatujawahi kushika hata gongo lake.

Sina noma na maneno kuhama kutoka uwanjani. Sisi pia tunayahamisha. Ukidai deni, mtu anakupiga chenga. Mwanasiasa akiropoka, tunasema amejifunga goli. Lakini hapo tunaelewana, juu tumecheza ama tumetazama mpira tangu utotoni.

Noma ni kufanya msemo wa wenyewe kuwa kipimo cha akili. Kwa intavyuu moja niliulizwa "ballpark" ya mshahara. Nikauliza wanamaanisha nini, wakaangaliana kama nimetukana. Sawa, niliacha chuo. Kwani kuna digrii ya besiboli?

Na usidhani ni mapambo tu. Besiboli inasema ukikosa mpira mara tatu umetoka: "three strikes". Mwaka wa 1994, California iliweka msemo huo kwa sheria: kama tayari una makosa mawili mazito, kosa la tatu la jinai ni miaka 25 hadi maisha jela. Mwaka wa 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali hukumu hiyo kwa jamaa aliyeiba fimbo tatu za gofu. Fimbo za gofu, bana! Wapiga kura walikuja kulegeza sheria hiyo 2012. Watu walizoea msemo mtamu, wakameza na sheria ya mchezo ndani yake, na mtu akalipa kwa miaka ya maisha yake.

Kwa hivyo ukirushiwa msemo hujui, uliza bila aibu: "Unamaanisha nini?" Anayejua atakueleza kwa maneno matatu. Asiyejua ndiye atakasirika.

Na nyinyi mabosi, mkitaka bei, semeni bei. Hatuko uwanjani.