Tairi Linasema, Wewe Unalaumu Barabara

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara, leo naacha kidogo mahindi na michikichi. Nimechoka kusikia maneno haya kila gulio: "Barabara zetu zinakula matairi."

Majuzi mfanyabiashara mmoja wa mawese hapa Ujiji alinionyesha tairi la mbele la pikapu yake. Upande wa ndani kipara, nyuzi nje. Upande wa nje kashata zimesimama kama jipya. Lilikuwa la pili kwisha hivyo mwaka huu, naye alikuwa anakwenda kununua la tatu. Nikamwuliza, "Mzee wangu, barabara gani hiyo inakula nusu ya tairi na kubakiza nusu?" Akacheka, hakujibu.

Mahindi yakiwa na majani ya chini ya manjano kuanzia nchani, hung'oi ukapanda mbegu ileile palepale. Unajua naitrojeni imepungua, unatibu udongo. Tairi nalo ni jani la gari. Lisome:

1. Limeisha kingo zote mbili, katikati zima: upepo mdogo, au mzigo umezidi.
2. Limeisha katikati tu: upepo umezidi.
3. Limeisha upande mmoja: alaimenti imepotea, au bushi na boljointi zimechoka.
4. Ukipitisha kiganja linakwaruza kama meno ya msumeno: magurudumu hayatazami mbele sawasawa. Hiyo pia ni alaimenti.
5. Lina mabonde mabonde: shokapu imekufa, au gurudumu halina balansi.

Utaniambia, "Afisa, barabara za vijijini zina mashimo." Kweli, na mimi napita hukohuko. Shimo ndilo linaloharibu alaimenti. Basi gari la huku lilipaswa kupimwa mara nyingi kuliko la mjini. Sisi tunafanya kinyume: hatupimi kabisa, halafu tunalalamika.

Na mzigo je? Dumu la lita 20 la mawese lina kilo 18 hivi. Madumu 50 ni kilo 900, bado abiria na magunia ya dagaa juu yake. Gari lililotengenezwa kubeba nusu tani unalibebesha tani nzima, halafu upepo unaupima kwa teke! Teke si geji. Tazama kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kiwango cha upepo kimeandikwa pale, mara nyingi na cha gari likiwa na mzigo. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likipata moto geji inasoma juu.

Wanaonunua matairi ya mtumba, msiangalie kashata peke yake. Ubavuni tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani mpira wake hukauka na kupasuka hata kama kashata ni nzuri. Tazama pia vituta vidogo ndani ya mifereji: kashata zikilingana navyo, zimebaki milimita 1.6. Hapo tairi limekwisha, usibembelezane nalo.

Wengine mnasema kupima alaimenti ni gharama. Gharama ni kununua tairi la tatu kwa ugonjwa uleule wa la kwanza. Na hiyo ndiyo gharama ndogo. Kubwa ni tairi la mbele kupasuka mteremkoni na akina mama wameketi juu ya madumu. Siku hiyo hakuna atakayeuliza bei ya alaimenti.

Kabla hujafunga tairi jipya, tafuta kilichoua la zamani. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, pitisha kiganja kwenye matairi yote manne. Ukikuta dalili mojawapo hapo juu, nenda kwa fundi kwanza, dukani baadaye.