Vichekesho vya Mji wa Kale vinataka pande mbili

Nashona mabuibui na madera Ndia Kuu, na vijana waendao Swahilipot hupita mlangoni kwangu. Tangu 2016 kituo hicho kimewapa vijana wa Mombasa jukwaa karibu na Fort Jesus, na nakiombea kheri. Jukwaa basi lipo. Linalonikera ni kuwaona wenye kipaji cha kuchekesha papo kwa papo wakipanda mmoja mmoja, kila mtu na mzaha aliokariri nyumbani, kisha wanashuka bila mtu wa kuwajibu.

Mji huu haukulea ulimi wake hivyo. Uliulea kwa vyama, na kila chama kilikuwa na hasimu wake. Nyanya yangu alikuwa Banu Saada. Hata uzeeni, ukimtajia Ibinaal Watan alikuwa akiinua kichwa kwenye mto na kuketi wima. Hivyo vilikuwa vyama vikubwa vya wanawake wa Mombasa vya ngoma ya lelemama, vyenye viongozi, michango, sare na mashindano. Wachezaji walijipanga safu moja, mwendo wa taratibu, uso umetulia, na ukali wote ukawa kwenye maneno. Upande mmoja ukitupa fumbo, wa pili sharti ufumbue na ujibu. Nyanya alisimulia kwamba majibu mengine yalitungwa jikoni, pilau ikiwa motoni, maana wageni walikuwa wameshaanza kuingia na chama kisichojibu kilihesabiwa kimeshindwa. Tajiri bahili, shoga msaliti, bibi harusi mwenye maringo: waliimbwa bila kutajwa jina, na mtaa mzima ukajua ni nani.

Na vyama hivyo havikuishia uwanjani. Kutokana navyo vilizaliwa Muslim Women's Institute na Muslim Women Cultural Association, vilivyoshughulikia elimu na maslahi ya wanawake. Sishangai. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya hasimu na kumjibu hapo hapo hawezi kutishwa na mkutano wa maofisa. Anayetaka kuwasikia wanawake wa zama hizo kwa sauti zao wenyewe asome kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel kuhusu wanawake watatu wa Mombasa, kipo kwa Kiswahili.

Ng'ambo nako watu wa maigizo waliufikia mchezo huu wa kujibizana kwa njia nyingine. Second City ya Chicago, iliyofunguliwa Desemba 1959, ilijengwa juu ya michezo ambayo Viola Spolin alikuwa akiwafundisha watoto. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Msingi wao ni kundi: wenzako ndio wanaokupa neno la kuanzia. Keith Johnstone, Mwingereza, alitazama mashabiki wa mieleka wakipiga mayowe akatamani ukumbi wa maigizo upate joto lile. Mwaka 1977, huko Calgary, Kanada, akaanzisha Theatresports: timu mbili, waamuzi, alama, na hakuna aliyeandikiwa la kusema. Niliposoma habari hiyo nilimwambia binti yangu, hii ni lelemama isiyo na zumari.

Wapo watakaosema lelemama ilivunja ndoa na kufilisi nyumba kwa gharama za sare na karamu. Ni kweli, na nyanya mwenyewe alikiri kuwa kuna waliolia. Lakini kanuni huwekwa. Tukubaliane kwamba asiyekuwapo uwanjani haimbwi wala haigizwi, na ukumbi ndio utoe mada.

Basi tuanze na Kibokoni dhidi ya Kuze. Watu sita kila upande, na wasichana wakitaka timu zao wenyewe wapewe. Hadhira itoe neno, timu ya kwanza icheze, ya pili ijibu kabla ngoma haijanyamaza. Waamuzi wawe kina mama watu wazima wa mtaani, kwa kuwa wao bado wana sikio la fumbo na hawahongwi kwa makofi. Kila mwanachama atoe ada ya mwezi, hata kama ni shilingi hamsini, maana mtu hukitetea chama alichokitolea chake. Sare za mechi ya kwanza nitazishona mimi, bila malipo. Rangi wachague wenyewe, mradi zisifanane.